Nafasi ya Benedita, Mwisho Saa Kumi

"Brussels mvua inanyesha siku mia nne kwa mwaka," alisema Leonor, "na siku zinazobaki watu wako kwenye foleni ya magari. Mwanangu atazeekea ndani ya basi la shule. Atashuka ana mvi."

"Na hapa je?" mumewe Fergal akamrudishia. "Hapa upepo umeshanipokonya kofia mbili tangu asubuhi. Na nyumba zenyewe, ngazi zimesimama wima kama za kupandia darini. Mama yako akija kututembelea tutampandisha kwa kamba."

"Mama yangu mwache."

"Nimemwacha. Nimetaja kamba tu."

Aliyekaa katikati yao, kashika kikombe cha kahawa iliyopoa zamani, ni Wietske Bosgra. Ilikuwa saa nane na nusu mchana, ndani ya mkahawa mmoja wa barabara ya Frederik Hendrik, Hague. Hayo ya mvua na upepo Wietske aliyasikia Jumanne, akayasikia Jumatano, na leo Alhamisi angeweza kuyasema yeye mwenyewe, wao wakapumzika.

Kazi ya Wietske ni kupokea familia zinazohamishwa na makampuni. Anawaonyesha nyumba, anawapeleka manispaa kujiandikisha, anawafundisha takataka zipi zinatolewa nje siku gani. Zaidi ya yote anawatafutia watoto shule, zile za kimataifa za Kiingereza, ambazo foleni yake inaanza mtoto hajaota meno. Kaifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kila Desemba anapata kadi kutoka Doha, Houston, Kuala Lumpur, na kila Desemba anaziangalia zile picha za watoto akijiuliza hawa ni wa nani tena.

Sasa cha kuchekesha ni hiki. Wietske kazaliwa Sneek, kule Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, ambako mtu akiona pazia lako baya anakwambia pazia lako baya, na kahawa mnaendelea kunywa. Mtu wa namna hiyo ndiye kampuni ikampa sheria moja kubwa: usishauri. Onyesha, eleza, lakini usishauri. Kuna bwana mmoja aliwahi kuwaandikia barua miezi sita mfululizo akidai alishauriwa vibaya, na toka hapo midomo yote ikafungwa. Kwa hiyo Wietske akiulizwa Hague au Brussels, anasema, "Inategemea mnataka nini," na kila akisema hivyo anajisikia kama aliyemeza kijiko.

Mwanawe mwenyewe, Jelle, alisoma shule ya pale kwenye kona. Kwa nini ile? Kwa sababu ilikuwa kwenye kona. Uamuzi ule ulichukua muda wa kufunga kamba za viatu. Leo Jelle ni fundi wa lifti, ana watoto wawili, na hajawahi kumlaumu mtu.

Leonor na Fergal wao walikuwa na majedwali. Mke Mreno, mume Mwairishi, wametokea Singapore, na kila mmoja kaja na jedwali lake kwenye kompyuta, lina mistari thelathini na miwili, limepakwa rangi kama kitambaa cha sikukuu. Kuna mstari wa bahari, mstari wa madaktari wa meno, mstari wa aina za mkate. Katika jedwali la Fergal umbali wa kufika ofisini una uzito wa kumi, na ofisi iko Brussels, saa mbili kwa treni kutoka Hague, basi Brussels imeshinda. Katika jedwali la Leonor furaha ya mtoto ndiyo yenye kumi, na alama za furaha hiyo kajaza Leonor mwenyewe, basi Hague imeshinda. Mtoto anayezungumzwa, Benedita, wa miaka kumi na tano, alikuwa amekaa mwisho wa meza anachana biskuti yake vipande vidogo vidogo. Ilikuwa biskuti moja, maana Hague kahawa inakuja na biskuti moja, hata kama umekuja kuamua maisha.

Kilichokuwa kinamchoma Wietske si majedwali. Ni saa ya ukutani. Kwenye shule ya Hague waliyotembelea Jumanne kulikuwa na nafasi moja tu ya darasa la Benedita, lile la miaka miwili ya mwisho inayoishia kwenye mtihani. Wietske alimwomba Coby, mwandikishaji wa shule, aishikilie mpaka Jumatano asubuhi. Coby akashika. Akaomba tena mpaka Jumatano jioni. Akashika. Ya tatu Coby alimpa na maneno yake: "Alhamisi saa kumi, Wietske. Si saa kumi na dakika. Nina mama wa Kikorea kanipigia mara sita, mtoto wake yuko nyumbani tangu Februari. Ukinikosea hii, usinipigie tena kwa ajili ya mtu yeyote."

Na Coby akisema usinipigie, ujue hapokei. Wietske bila Coby ni mama mwenye baiskeli tu, anayejua siku za takataka. Yote haya aliwaeleza Leonor na Fergal wakati wa chakula cha mchana, mbele ya mkate na jibini, polepole, mara mbili. Wakaitikia kwa vichwa vizuri kabisa, kisha wakarudi kwenye mvua.

Saa tisa na robo Fergal alikuwa anaeleza kwamba Brussels kuna bustani nyuma ya nyumba, unachoma nyama mpaka majirani wanahama. Leonor akamkumbusha kwamba Singapore walikuwa na jiko la kuchomea nyama, akalitumia mara moja, akaunguza nyusi. Saa tisa na nusu wakahamia kwenye baiskeli. Leonor aliona watoto wa Hague wanaendesha wenyewe mpaka shuleni, wakati mwingine wameachia mikono, na huo kwake ulikuwa uhuru. Kwa Fergal ulikuwa ajali inayosubiri tarehe.

Wietske akaona hapa atakufa na kijiko kooni. Kushauri kakatazwa, lakini kuuliza hakuna aliyekataza. Akamgeukia yule binti.

"Benedita, wewe unataka wapi?"

Wazazi wakageuka, nadhani kwa mshangao kwamba kumbe kuna mtu mwingine mezani.

Binti akafuta makombo vidoleni. "Popote," alisema. "Mradi nimalize hapo hapo. Masomo ya mtihani ni miaka miwili. Nimeshaanza shule tano, sijamaliza hata moja. Niambieni tu tutakaa miaka miwili wapi, nitaenda huko."

"Mkataba wa baba yako ni miaka mitatu, mpenzi," Leonor akasema. "Hilo halina shida."

Lakini Fergal aliivuta kompyuta yake karibu, akaisukuma mbali, akaanza kutafuta sukari, na huyu bwana hatumii sukari. Wietske kaona waume wengi wakitafuta sukari kwenye mikahawa ya namna hiyo. Alijua kabla ya mke.

"Fergal," Leonor akasema.

"Hawajaamua. Wanaongea tu."

"Wanaongea nini?"

"Atlanta. Labda mwakani, baada ya kiangazi. Labda. Nilitaka nikwambie likishathibitika, nisikusumbue kichwa na labda."

Mistari thelathini na miwili, jamani. Mpaka daktari wa meno ana mstari wake. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika mstari wa kusema tutakaa au hatukai. Leonor alilitazama jedwali lake kama mtu aliyepika pilau ya watu mia akaambiwa harusi imehamishwa.

Halafu ndio ukaanza ugomvi wenyewe; ule wa mwanzo ulikuwa mazoezi. Leonor akasema basi yeye na binti watabaki Hague, Fergal aende Atlanta akaunguze nyusi za huko. Fergal akasema kama ni kuvunja familia, bora waivunjie Brussels, angalau mwaka mmoja wangelala nyumba moja. Leonor akamuuliza toka lini anajua. Fergal akasema toka Machi. Leonor akamwambia Machi ndipo yeye alipokuwa anauliza watu shule za miji miwili, usiku na mchana, na Fergal anamtazama tu. Benedita akavaa vipokea sauti vyake masikioni, akafunga macho.

Wietske alijaribu mara mbili kusema zimebaki dakika kumi, zimebaki dakika tano. Mara ya pili Fergal alimwinulia kidole, kile cha kumwambia mtu subiri.

Saa kumi kamili simu ikalia. Coby ndivyo alivyo, saa yake haibembelezwi. Wietske akapokea, akaiweka simu katikati ya meza.

"Coby yuko hapa," alisema. "Ndiyo au hapana. Moja tu."

Leonor akamtazama Fergal. Fergal akatazama simu. Leonor akasema wanaomba mpaka kesho, kesho asubuhi tu, si Wietske kaona mwenyewe hali ilivyo. Fergal akasema kwa mara ya kwanza leo anakubaliana na mke wake.

Wietske alimtazama Benedita, binti bado kafumba macho. Kisha akainyanyua simu.

"Mpe yule aliyeko nyumbani tangu Februari," alisema. Akakata.

Hapo Leonor akasimama. Fergal naye akasimama, na kwa mara ya pili siku hiyo wakawa kitu kimoja. Nani kampa ruhusa, kampuni yake itasikia, hivi ndivyo watu wa hapa wanavyowafanyia wageni. Wietske alivaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaacha mezani pesa ya kahawa yake na si ya mtu mwingine. Akatoka. Leonor akamfuata mpaka mlangoni, upepo unamvuruga nywele.

"Wietske," alisema, na sasa hakuwa anapiga kelele tena. "Septemba mtoto wangu atasoma wapi?"

Wietske alifungua kufuli la baiskeli, akapanda, akainamisha kichwa kwenye upepo, akaenda.