Nilivyochagua Pampu ya Bunduki za Upepo

Siku ya kwanza kuripoti kazini nilifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Ofisi yetu ya wanyamapori hapa Songea ilikuwa na ghala la matofali ya kuchoma nyuma ya jengo kuu. Mimi, Skolastika, binti wa Peramiho niliyesomea ufundi wa mitambo, nilikuwa nimepangwa humo kuwa msaidizi. Mkuu wa Ghala alikuja na funguo amezifunga kwenye kipande cha mbao. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwani.

"Nilijua wataniletea mwanamume," alisema. "Haya, ingia. Vitu haviulizi wewe ni nani."

Akanionyesha makabati mawili. Moja lilikuwa la bunduki za risasi, ambazo nilizisafisha na kuziandika tu. La pili lilikuwa la bunduki za upepo, mbili. Kwa asiyezijua, bunduki hizo hazitumii baruti. Chini ya mtutu kuna chupa ya chuma inayojazwa hewa iliyobanwa sana. Ukifyatua, hewa inatoka kwa pigo moja na kurusha sindano ya dawa ya usingizi. Mnyama analala, daktari anamtibu, anachomwa dawa nyingine ya kumwamsha. Hewa tunaipima kwa bar. Tairi la gari dogo linaridhika na bar mbili au tatu. Chupa ya bunduki yetu ilitaka mia mbili.

"Hizi hazina moshi wala kelele kubwa," Mkuu wa Ghala aliniambia. "Ila zisipokuwa na hewa, ni fimbo. Sikia vizuri: ni fimbo."

Hewa yenyewe ilitoka Dar es Salaam. Tulikuwa na mtungi mkubwa, nao ulipelekwa kwa lori kujazwa kwa watu wanaojaza mitungi ya wazamiaji. Ukirudi, tunaunganisha mpira wa shinikizo, tunafungua vali taratibu, tunajaza bunduki. Mtungi ukiisha, unasubiri lori.

Baada ya miaka minne nilihamishiwa kituo kidogo upande wa Nakapanya, wilaya ya Tunduru. Kituo kilikuwa na Mkuu wa Kituo, askari sita, dereva, Daktari wa Mifugo na Wanyamapori aliyekuwa anakuja na kuondoka, na mimi. Askari walikwenda doria wiki mbili, tatu. Wakiondoka nilibaki na ghala, redio ya mawasiliano na sufuria moja. Waliniita Sista, kwa sababu nilitoka Peramiho, penye watawa wengi, na nilikuwa naishi peke yangu. Sikuwa mtawa. Mchumba wangu aliyebaki Songea alichoka kungoja akaoa mwingine, nami sikumlaumu. Ila jina la Sista lilinifanya watu waninyamazie. Walishusha sauti nikipita, wakaficha vicheko, na jioni hakuna aliyenikaribisha kwenye moto wao.

Aliyenizoea alikuwa mkulima mmoja wa korosho, Mzee Issa. Shamba lake lilipakana na njia ya tembo, kwa hiyo alikuja kituoni kila mara kutoa taarifa. Hakuingia ofisini kwa Mkuu wa Kituo bila kupita kwanza dirishani kwangu.

"Asalaam aleikum, Sista. Umeshindaje na makufuli yako?"

"Salama, mzee. Hayajanijibu bado."

Basi atacheka, ataniachia korosho kwenye karatasi, ataondoka. Kuna wiki ambazo hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu yote.

Siku moja alikuja hana korosho. Tembo jike alikuwa amesimama karibu na shamba lake, mguu wa mbele umevimba, waya wa mtego umezama kwenye nyama. Daktari alikuwepo. Nilimpa bunduki iliyojaa, na mtungi ambao nilijua umebakiwa na hewa kidogo. Sindano ya kwanza iligonga tawi. Alipojaza tena kutoka kwenye mtungi, geji ya kupimia hewa ilipanda hadi themanini ikasimama hapo. Sindano ya pili ilianguka kwenye nyasi mbele ya tembo. Tukautuma mtungi Dar siku hiyohiyo.

Kesho yake Mzee Issa alikuja dirishani.

"Vipi, mnakwenda lini kumtibu?"

"Tunasubiri mtungi, mzee. Hewa imekwisha."

Akanitazama kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. "Hewa imekwisha? Na hii tunayovuta je, dada?"

Nikamweleza habari za bar mia mbili. Alisikiliza kwa adabu, akasema, "Basi, Mungu atajaalia," akaondoka.

Siku ya nne tembo yule, kwa maumivu, alitoka vichakani na kumkuta Mzee Issa anafagia chini ya mikorosho. Alimshambulia, na mzee hakupona. Askari walimpiga tembo risasi alasiri ile. Mtungi ulirudi baada ya siku tisa, umejaa. Niliupokea, nikausaini, nikauweka mahali pake, nikafunga mlango wa ghala kwa ndani. Nililia huku nimekaa juu ya sanduku la dawa. Kwenye mazishi nilikaa nyuma na akina mama ambao hawakunijua, na sikumwambia mtu yeyote jinsi nilivyomjibu mzee yule mara ya mwisho.

Wiki iliyofuata niliandika barua kuomba pampu ya mkono. Nilikuwa nimesoma kwamba zipo, zinazobana hewa hiihii ya kawaida hadi kipimo cha bunduki. Mkuu wa Kanda aliniita Songea. Alikuwa mtu nadhifu, anayependa vitu vipya vyenye kung'aa.

"Pampu ya mkono," alisema, barua yangu mbele yake. "Nani ataisukuma?"

"Mimi, mkuu."

"Hadi bar mia mbili?"

"Hadi mia mbili."

Hakucheka. Ilipita miezi kadhaa, mfanyabiashara mmoja akaleta pampu tatu tuzijaribu, tuchague moja. Hapo, vijana mnaoanza kazi hii ya ghala, ndipo nilipofanya kazi ninayoweza kusema ni yangu.

Pampu ya namna hii husukumwa kwa kusimama. Unakanyaga kitako chake, unashika mpini kwa mikono miwili, unavuta hadi juu, unashusha kwa uzito wa mwili na siyo kwa nguvu za mabega. Ndani yake hewa inabanwa kwa hatua, bomba kubwa linasukumia dogo, dogo linasukumia dogo zaidi. Inapata joto kali. Ukiisukuma mfululizo bila kuipumzisha, pete za mpira za ndani, ambazo mafundi huziita oringi, zinaungua. Na hewa ya kwetu ina unyevu, hasa masika. Ukiibana, unyevu ule unakuwa maji, maji yanaingia kwenye chupa ya bunduki, chuma kinaoza kwa ndani mahali usipoona.

Pampu ya kwanza ilikuwa nyepesi, na kitako chake chembamba kilicheza kwenye udongo. Nikaiondoa mapema. Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho, rangi ya fedha tupu, mpini una sifongo. Iliwahi kufika mia mbili kuliko zote. Mkuu wa Kanda alikuwa ameshaishika kama yake. Ya tatu ilikuwa nzito, nyeusi, ya kuchosha, lakini kitako chake kilikuwa kipana na geji yake ilikuwa na tarakimu kubwa.

Nilisukuma kila moja mara sitini, kisha nikafungua hewa ipige kwenye kipande cha kioo. Ya pili ilikilowesha kioo. Ya tatu iliacha ukungu kidogo, maana ilikuwa na chujio la pamba linalobadilishwa. Halafu nikaomba spana. Ya pili haikufunguka. Ilikuwa imefungwa kiwandani isiguswe na mtu. Ya tatu niliifungua kwa spana mbili, nikatoa oringi zake, nikaenda nazo kwenye maduka ya vipuri mjini. Nilirudi na zinazolingana nazo, zote isipokuwa moja.

"Nataka hii nyeusi," nikasema.

"Hiyo ina mapigo mengi zaidi. Utakufa nayo."

"Ile ikiharibika Nakapanya, mkuu, itakuja huku kwa lori. Tutakuwa tumerudi kwenye mtungi."

Aliiweka chini ile aliyokuwa ameishika. Nilijua anaikumbuka taarifa ya kifo cha Mzee Issa, kwa sababu aliisaini yeye.

"Chukua hilo lako," alisema mwishowe. "Siku likikwama, utajibu wewe, siyo mimi."

Nikajibu sawa. Na nitawaachia maneno machache ya kiufundi hapa, yashikeni. Msipake mafuta ya mashine wala grisi ya gari ndani ya pampu hizi. Hewa iliyobanwa kiasi kile ikikutana na mafuta yale inaweza kulipuka. Tumieni grisi ya silikoni. Sukumeni mara sitini, pumzikeni mpaka bomba lishikike kwa kiganja. Fungueni hewa iliyobaki kabla ya kutoa mpira, na msiweke uso juu ya kiungo.

Mara ya kwanza kuitumia porini ilikuwa kwa tembo dume kijana, waya umemshika mkonga, hawezi kunywa. Sindano ya kwanza ya Daktari ilimkosa. Aliirudisha bunduki mbio hadi kwenye gari, mita mia tatu hivi nyuma, nilikokuwa.

"Dada Skola, dakika ngapi?"

"Nane."

Nilisukuma. Sitini, nikapumzika, sitini tena. Jasho lilinichoma macho, na geji ilipopita mia na hamsini nilitupa uzito wote juu ya mpini, ambao hapo unakuwa kama unasukuma mti. Daktari alisimama pembeni, midomo inatembea kwa dua. Ilipofika mia mbili akainyakua bunduki akaondoka. Nilikaa chini nimeegemea tairi. Baada ya kama saa nzima alirudi, mikono ina damu hadi viwikoni, uso unacheka.

"Alhamdulillah. Ameamka, ameondoka zake. Amekwenda mtoni moja kwa moja."

Nikamshika mkono na damu yake. Usiku wa siku ile askari waliniita kwenye moto wao, wakanipa kigoda. Sikukaa sana, maana sikujua niseme nini.

Tuliifanya kazi ile miaka mingi. Sijui wanyama wangapi. Anayejaza hewa hubaki kwenye gari, kwa hiyo nilikuwa nawasikia kwenye redio tu, amelala, waya umetoka, amesimama. Wakuu wa vituo walikuja na kuhamishwa. Daktari alistaafu akarudi kwao Tunduru mjini. Mimi nilirudishwa Songea nikamalizia ghala lilelile, likiwa na mtambo wa kujaza hewa unaotumia umeme. Siku ya kuniaga walinipa kitenge na saa ya ukutani. Aliyesoma hotuba alilitamka jina langu Kristina.

Sasa ninaishi Msamala, vyumba viwili na uwanja mdogo. Mkono wa kulia haupandi juu ya sikio. Asubuhi ninakwenda misa, ninarudi, ninafua kilichopo. Kuna siku jioni inafika nagundua sijatumia sauti yangu tangu kuitikia padri.

Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda Tunduru kumwona Daktari. Nilimkuta barazani na majirani wawili wazee wenzake. Amekonda, macho hayaoni vizuri. Alifurahi, aliagiza chai. Kisha akaanza kuwasimulia wenzake habari ya tembo wa mkonga.

"Nilikosa ya kwanza," alisema. "Nikarudi garini, bunduki ikajazwa, nikaenda kumpiga begani. Kuinuka kwake sasa! Aliinuka kwa nyuma kwanza, akapepesa masikio, akaugusa mkonga wake kama mtu anayepapasa kidonda."

Bunduki ikajazwa. Nilingoja kama atasema na nani. Akamaliza, akanigeukia.

"Wewe ulikuwa ghalani, siyo?"

Ningeweza kumkumbusha. Lakini nilimwona anavyonitafuta kwa macho yale, anaogopa kukosea mbele yangu mimi mgeni wake.

"Ndiyo, Daktari. Nilikuwa ghalani."

"Kazi nzuri," alisema. "Ghala ni kazi."

Ndani ya basi nilikasirika hadi Namtumbo. Baada ya hapo hasira iliisha, nikabaki na wazo. Miaka yote ile nilingoja wengine waseme nilichofanya, na mimi mwenyewe sikuwahi kukisema. Sikukisema kwa askari walionipa kigoda, wala kwa ndugu zangu Peramiho, wala kwa watoto wa Mzee Issa ambao ningeweza kuwatembelea. Kimya kile si watu tu walionipa. Nusu nilikijenga mwenyewe, kisha nikakaa ndani yake. Kama mnataka neno la mstaafu, ni hilo, nalo nimelijua nimechelewa.

Nilishuka Songea jua linazama. Jirani yangu, mjane anayekaanga vitumbua, alikuwa kizingitini kwake anapepeta mchele. Miaka miwili tumeishia kwenye salamu.

"Pole na safari, mama. Ulikwenda mbali?"

"Tunduru. Kumwona mtu niliyefanya naye kazi."

"Kumbe. Kazi gani?"

Kwa kawaida ningesema serikalini, nikafungua mlango wangu. Nikaweka mfuko chini.

"Nilikuwa najaza bunduki za upepo kwa mikono," nikasema. "Za kuwalaza tembo."

Aliacha kupepeta. Akaweka ungo pembeni, akasogea, akanipisha nafasi kwenye kizingiti.