Konsonanti za Naomi na Kinu cha Mama

Enzi zetu pale Uvira, Kongo, mtoto hakusoma kimya. Kusoma kimya kulihesabiwa kuwa kulala. Jioni mama alitoa kinu uani, akamwaga majani ya muhogo ya kupika sombe, nasi tukakaa pembeni na vitabu vyetu. "Soma nisikie," alisema. Yeye hakuwahi kuingia darasani, kwa hiyo alitukagua kwa sikio. Tuliimba ba, be, bi, bo, bu, na mchi ukashuka kwa kila silabi. Ukikwama, mchi ulisimama hewani, na majirani wote wakajua mtoto wa fulani amekwama. Harufu ya majani mabichi, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakikaangwa kwa jirani, na njaa: hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu ya jioni.

Mama alirudia kila silabi kwa sauti ya chini. Tulidhani anatusindikiza tu. Siku moja akasoma peke yake maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi ya sabuni, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Baba aliomba maji ya kunywa.

Leo niko Rosettenville, Johannesburg, na binti yangu Naomi anasoma kwa kidole gumba juu ya simu. Alizaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, ila anajibu kwa Kiingereza, tangu binamu zake walipomcheka matamshi. Mwaka huu simu imeanza kumfundisha Kitibeti. Nilimuuliza sababu.

"Eish, Papa, herufi zake ni nzuri tu."

Sisi lugha tulipewa, hatukuzichagua kwa sura. Lakini nilisikiliza. Kumbe Kitibeti kina konsonanti thelathini, kila moja imebeba "a" yake. Zinapangwa kwa safu: ka, kha ya kupuliza pumzi, ga, ng'a. Hiyo ng'a, anasema, inawatesa Wazungu. Kwetu mwenye ng'ombe yeyote anayo. Tena Watibeti wanaandika herufi ambazo hawazitamki. Nikamwambia Kifaransa nilichofundishwa shuleni kinafanya hivyohivyo, hakuna haja ya kwenda hadi milimani.

Naomi alianza kuzikariri kwa sauti. Mke wa mchungaji, tunayepakana naye ukuta, akaja na keki kutupongeza: mtoto ameanza kunena kwa lugha. Tulikula keki.

Kilichoniuma ni Jumapili. Mama amezeeka, macho yamekwisha, na kila Jumapili akipiga simu kutoka Uvira anaomba kitu kimoja, asikie sauti ya mjukuu wake. Naomi husema "Jambo, koko," yaani bibi, kisha ananirudishia simu haraka kama sufuria ya moto. Niliogopa mama ataondoka bila kumjua huyu mtoto, na hofu hiyo sikuwa na pa kuiweka.

Jumapili iliyopita nikamwambia Naomi: "Msomee koko zile za Tibeti." Alinitazama sana. Kisha akaanza: ka, kha, ga, ng'a. Simu ilikuwa kwenye spika. Kutoka Uvira nikasikia kidole kikigonga ubao wa kitanda, na sauti ya mama ikirudia nyuma yake, polepole, hadi konsonanti ya mwisho.

"Iyo ni luga ya wapi?"

"Ya Tibeti, mama," nikajibu.

"Ni muzuri. Sasa afate yangu. Ba."

Naomi aligeukia dirishani. Nilijua anawawaza binamu waliomcheka.

"Ba," akasema.

Enzi zetu nyumba zilikuwa na kelele za kusoma. Siku hizi sombe tunainunua Jeppestown ikiwa imeshapondwa, imegandishwa, na watoto wetu wanasoma kimya ungedhani wana deni na mtu. Kinu nakikosa, na sioni aibu kusema hivyo. Naomi alifika bo, akakwama. Kule Uvira kidole kikaacha kugonga, kikasimama hewani kama mchi ule. Mama alimngoja.

"Bu," akasema Naomi, na kidole kikashuka.