Siku Baba Alipopanda Jukwaani

Aibu yangu mimi haifichiki, kwa sababu ina video, na video yenyewe imezunguka mpaka kwa watu ambao hawajui hata Ifakara iko mkoa gani. Kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe, maana mliyoyaona kwenye simu ni nusu tu, tena ile nusu ya kuchekesha.

Jina langu la kazi ni Chenga. Wengi hudhani ni chenga za mpira (mimi mpira naujua wa kuangalia tu), kumbe ni chenga za mchele, zile punje zilizokatika ambazo mashine ya kukoboa inazitenga na wenye uwezo hawazitaki. Ndizo zilizonikuza. Sisi ni watu wa Mofu, na baba yangu alikuwa mvuvi mzuri asubuhi na mlevi mbaya jioni. Mama alipochoka kupigwa aliondoka, akaolewa huko Malinyi, mimi nikabaki na baba na fimbo yake. Nikipoteza ndoano, fimbo. Nikiuliza mama atarudi lini, fimbo. Nilipopata akili ya kukimbia nikakimbilia Ifakara mjini, nikawa nalala nyuma ya mashine za mpunga juu ya pumba, nikaiba, nikakamatwa, nikakaa mahabusu, nikatoka nikaiba tena. Kurap nako nilianzia pale pale mashineni, kwa sababu mashine ya kukoboa ina mdundo wake usiobadilika, na mtu mwenye njaa akishinda karibu nayo kutwa nzima lazima maneno yaanze kumtoka.

Wimbo ulionitoa unaitwa "Mzee Fimbo", na msiniulize huyo Mzee Fimbo ni nani, mmeshajua. Nilimsema baba yote, bila kuficha hata moja. Kiitikio chake ni chepesi, "Mzee Fimbo anakuja, fungeni mlango," hata mtoto wa chekechea anakiweza. Halafu jukwaani nikaongeza kionjo changu: nachukua fimbo, napepesuka, naburuta mguu mmoja, naongea kwa ulimi mzito kama mlevi aliyesahau njia ya kwake, na watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Ndiyo, wimbo wa kilio niliugeuza kichekesho. Lakini kumcheka mtu uliyekuwa unajificha chini ya kitanda ukisikia hatua zake, jamani, ile ilikuwa dawa, na mimi niliinywa kila nilipopanda jukwaani.

Basi mwaka huo baada ya mavuno ya mpunga nikaalikwa kuimba nyumbani, uwanja wa mpira Ifakara, mchana kweupe ili watu wa vijijini wawahi kurudi. Siku moja kabla, Shangazi Yustina, dada yake baba, akanipigia simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Kaka yangu anataka kuja kukuona ukiimba."

 Toka nilipokimbia nilikuwa sijamtia machoni.

"Bado anakunywa?" nikauliza.

"Hanywi siku hizi. Aliugua. Utamwona mwenyewe."

Sasa hapo mtu mwenye akili timamu angeuliza, aliugua nini? Mimi nikaona nikiuliza nitaonekana namhurumia, na sikutaka kumhurumia. Nikasema tu, "Mleteni, nitawawekea viti mbele," nikakata simu. Hilo swali moja nisilouliza ndilo lililozaa mengine yote. Lakini nilifanya jambo moja la kiungwana: nikamwambia mshereheshaji, jamaa mmoja mcheshi tuliyekuwa tunamwita Kishada, kwamba "Mzee Fimbo" leo haupigwi. Sikumwambia sababu (angemwambia kila mtu).

Siku yenyewe uwanja ulifurika. Walikuwepo wenye maduka na wake zao, vijana kutoka Mang'ula waliokuja na treni, na mbele kabisa kundi la vijana wa Kisukuma, wafugaji, wamevaa vizuri, kila mmoja na fimbo yake ya ng'ombe. Viti viwili vya plastiki nilivyowawekea shangazi na baba vilikuwa vitupu. Nikaimba wimbo wa kwanza, vitupu. Wa tatu, vitupu. Kila nikigeuka macho yananipeleka pale pale, na moyoni kitu kikaanza kunichoma, nikajiambia, si ndiye huyo huyo, lini alishawahi kuja mahali kwa ajili yako? (Kumbe pikipiki yao ilikuwa imeishiwa mafuta njiani, inasukumwa.)

Watu nao wakaanza kuutaka wimbo. Wale wafugaji wakainua fimbo juu wakaanza kiitikio wenyewe, bila muziki, uwanja mzima ukadakia. Kishada akaniangalia kama anaomba ruhusa. Nikaviangalia vile viti kwa mara ya mwisho, nikampa ishara ya kichwa, apige.

Nilikuwa katikati ya kionjo, nimeinama na fimbo, nimeburuta mguu, nilipoona watu wa nyuma wanageuka. Wakaanza kupasua njia. Kelele zikapanda, simu zikapanda, mtu akapaza sauti, "Mzee Fimbo mwenyewe huyo." Nikadhani Kishada ameleta mwigizaji bila kunishirikisha, kwa sababu aliyekuwa anakuja ni mzee aliyevaa koti kubwa, ana fimbo, anaburuta mguu wa kushoto vile vile ninavyouburuta mimi. Kishada naye akadhani nimemleta mimi. Akashuka mbio, akamshika mkono, akampandisha ngazi, huku uwanja mzima unaimba fungeni mlango, fungeni mlango, na yule mzee anatabasamu kwa upande mmoja wa uso na kupunga mkono.

Nyuma yake nikamwona Shangazi Yustina anavuta shati la Kishada na kusema kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Ndipo nikajua.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo video inapowadanganya. Inaonyesha nacheka. Ni kweli, nilicheka. Mwili wangu wote ulishajua huyu ni baba, amepooza upande mmoja, lakini uso ulikuwa bado kazini, unacheka na watu. Kishada akampa maiki, akasema, "Mzee, hebu wasalimie wana Ifakara." Baba akaishika kwa mkono wake mzima, fimbo akaiegemeza kifuani, akafungua mdomo. Sauti ikatoka nzito, imevurugika, maneno yanagongana. Nilisikia "huyu" na "mwanangu", mengine sikuyapata. Watu wakacheka kuliko walivyowahi kunicheka mimi. Akajaribu tena, wakacheka tena. Jasho likawa linamtiririka shingoni, na bado alikuwa anajaribu.

Nikainua maiki yangu nikasema, "Zimeni muziki. Huyu ni baba yangu. Anaumwa." Wakashangilia. Wakadhani ni sehemu ya mchezo. Ikabidi niseme mara nyingine, na ya tatu sauti ikanikatika, na hapo ndipo uwanja ukaanza kunyamaza, mstari kwa mstari kutoka mbele, wafugaji wakishusha fimbo zao, na kule nyuma wachache wakaendelea kuimba mpaka wakasikia wanaimba peke yao. Baba alikuwa amenigeukia, maiki bado mdomoni. Nikamshusha ngazi nikiwa nimemshika kiunoni. Alikuwa mwepesi. Mtu niliyemkimbia alikuwa mzito.

Asubuhi nilimkuta uani kwa shangazi, Lipangalala, ameketi kwenye mkeka anasubiri uji upoe. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza kujieleza, kwamba wale watu hawakumjua, kwamba walidhani mwigizaji, na kwamba wimbo wenyewe ni mambo ya muziki tu. Akaniacha nimalize uongo wangu wote. Kisha akasema, polepole, neno moja baada ya jingine, na shangazi akinisaidia pale nisipomwelewa.

"Wimbo naujua. Watoto wa Mofu wananiimbia nikipita."

"Sasa baba, kama unaujua ulikuja kufanya nini?"

Akatazama uji. "Ulinisema mbele za watu. Ulisema kweli. Nikataka nikuombe radhi hapo hapo, mbele za watu." Akagusa mdomo wake. "Huu ukanikataa."

Shangazi akainuka akaingia ndani. Alikuja kuniambia baadaye kwamba yale maneno kaka yake aliyafanyia mazoezi kwa majuma, anayarudia akiwa anasuka madema ya kutegea samaki kwa mkono mmoja, mpaka majirani wakadhani anasali, na pale nyumbani yalikuwa yanatoka vizuri kabisa.

Mimi nilibaki na baba. Nikachukua bakuli nikampulizia uji. Alikunywa. Hatukukumbatiana wala nini, kwetu hayo hatuna, na sijui kama nimemsamehe yote, kwa sababu usiku mwingine bado nashtuka nikidhani nasikia hatua. Lakini sasa naenda Mofu, namkata kucha za ule mkono uliopooza, tunakaa.

"Mzee Fimbo" siuimbi tena na sitauimba, hata waniite wapi. Niliwaandikia waliorusha ile video waitoe, mmoja akanijibu kwa adabu kabisa kwamba bado inapendwa. Msanii anaweza kuacha kuimba wimbo wake, ila hawezi kuwaambia watu wauache. Juzi nilikuwa namsaidia baba kuvuka barabara ya kijijini, bodaboda ikapita na spika yake, kiitikio hicho hicho, na dereva akatupungia mkono kwa heshima bila kutujua. Baba akainua mkono wake mzima, akampungia.