Maftah Amekula?

Kwa miaka saba kazi ya Zubaida ilikuwa kuwatia panya kwenye mirija. Ndivyo utafiti wa maabara ulivyotaka: panya anabanwa ndani ya mrija wa plastiki saa mbili, kila siku, wiki sita mfululizo. Haumizwi, anashindwa tu kugeuka. Zubaida aliwabana, akawatoa, akawapa maji, kisha akarudi nyumbani, mtaa wa Nateete, kwa mama yake.

Bi Nuriat, mama yake, siku hizi alikuwa na swali moja tu.

"Maftah amekula?"

Maftah, kifungua mimba wake, alikuwa askari. Alikufa vitani nje ya nchi, miaka tisa imepita, akaletwa ndani ya sanduku ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Mama alikuwa amelisahau hilo sanduku. Na Zubaida, mtu asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni, alimjibu kama alivyolelewa na mama huyo huyo: "Mama, Maftah alikufa."

Basi msiba unaanza upya. Mama anajipiga kifua, analia mpaka sauti inakauka, anauliza kwa nini walimficha. Kesho yake hakumbuki kitu, anauliza tena, anaambiwa tena. Miezi minne ikaenda hivyo, na mama akazidi kupotea: alisahau choo kiko wapi, kisha majina ya majirani wa miaka thelathini.

Siku moja Daktari Akullo, mwenye utafiti, alimwonyesha Zubaida picha za seli za ubongo wa panya. Daktari huyo alikulia kambi ya polisi, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, "ina" akiitamka "na".

"Ona, Zubaida. Ndani ya seli iko protini ya kulinda. Protini zingine zikipindika sababu ya shida, hii nashika, nanyoosha. Shida ya siku moja, naweza. Lakini kila siku, kila siku, bila kupumzika? Nashindwa. Halafu seli nakufa."

"Na mtu pia, Daktari?"

"Ya mtu bado tunatafuta."

Zubaida aliitazama mirija mezani. Labda ugonjwa ungemmaliza mama vyovyote vile. Lakini nani alikuwa akimbana kila jioni, eti kwa sababu ya ukweli? Alijifungia chooni akalia kwa kwikwi.

Jioni alikaa kitandani kwa mama na bakuli la uji.

"Maftah amekula?"

Zubaida akachota kijiko cha uji. "Amekula, Mama. Ameshiba."

Uso wa mama ukakunjuka. Akanywa kijiko kimoja, cha pili, cha tatu, bila chozi. Zubaida akamshukuru Mungu, akamwomba na msamaha papo hapo.

Kisha mama akamwangalia kwa adabu, anavyoangaliwa mgeni mwema.

"Ahsante sana, bibi. Na binti yangu, Zubaida? Yeye amekula?"

Tangu asubuhi Zubaida hakuwa ametia kitu tumboni. Alimfuta mama mdomo, taratibu.

"Naye amekula, Mama."