Nilivyomfungulisha Vali ya Mvuke

Mvuke uliniunguza mkono wa kushoto katika kiwanda cha maziwa, huku kwetu Karagwe. Wafugaji wa Kiruruma walikuwa wamefika na maziwa, na msimamizi wangu hakutaka kungoja. Aliniamuru nifungue boliti za vali bomba likiwa bado na presha. Kisha akaandika kwenye ripoti kwamba nilifanya uzembe. Kwa miaka minne nilimchukia, ingawa kila asubuhi nilimwamkia shikamoo.

Mwaka jana nikafanywa mkuu wa matengenezo, naye akawa chini yangu. Vali ileile ilipoanza kuvuja, nikampa kazi ya kuifungua mbele ya mafundi wote. Akachukua spana, akaenda moja kwa moja kwenye boliti.

"Weka chini," nikamwambia. "Tuambie kwanza unaanza na nini."

Akaiweka spana sakafuni, akawatazama mafundi. Nilifurahia kumwona vile.

Mwishowe akasema, "Nafunga mvuke unakotoka, napiga kufuli, natoa presha, nasubiri bomba lipoe."

"Kwa nini?"

"Ili mtu asiungue."

"Sema kwa sauti, wenzako hawakusikia."

Akarudia huku jasho likimtoka, kisha akazifanya hatua hizo moja moja. Geji ya presha iliposhuka hadi sifuri, nikamruhusu alegeze boliti pole pole, uso akiuweka pembeni.

Jioni akanifuata. "Dada, yale si yalishapita?"

"Kwako," nikamjibu.

Tangu siku hiyo kila vali inayofunguliwa nampangia yeye, na kila mara lazima aseme hatua zote kwa sauti. Mafundi huacha kazi zao wakaja kumsikiliza, nami siwafukuzi.