Mama Mkwe Alifuta Alama Yangu kwenye Chungu

Admin, jina langu lifiche na picha usiweke yoyote, maana huku kwetu watu wanatambuana hadi kwa kikohozi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili. Nimezaliwa upande wa Kyela, kwenye mpunga na kokoa, nikaolewa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi ambacho ukitaka kufika unapanda mtumbwi kutoka Matema. Kwetu hakuna aliyewahi kushika udongo zaidi ya kukandika ukuta. Siku za kwanza wanawake wa pale walinicheka, wakasema huyu Mnyakyusa atafinyanga ugali. Aliyeniketisha chini akanifundisha ni mama mkwe. Alinielekeza kidole kimoja kimoja, miaka miwili, bila kunikaripia hata mara moja. Naliweka hili mbele ili msije mkaniambia sina shukrani. Ninayo, na ndiyo inayonitesa.

Shida yangu ni kwamba mikono yangu haipendi kurudia kitu. Vyungu vya pale vina umbo lake la tangu enzi za mabibi, na ni vizuri. Lakini mimi nikikaa na udongo, kichwa kinaanza kuniletea mambo. Nikatengeneza chungu chenye mfuniko, na juu ya mfuniko samaki amejikunja, ndiye unayemshika unapofunua. Mama mkwe alikitazama weee, halafu akasema, "Haya. Samaki wako huyu asipasukie motoni tu." Hakupasuka. Nikafinyanga vingine, na siku ya soko Matema ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kuondoka.

Mwaka jana akaja dada mmoja mwenye loji pale Matema, akataka vyungu ishirini vya samaki kwa ajili ya vyumba vyake. Akauliza kwa adabu kabisa, "Mama, hivi ni mkono wa nani?" Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo, udongo hadi kwenye viwiko. Mama mkwe akajibu, "Ni mkono wangu."

Niliinama nikaendelea kukanda udongo. Mdomo ninao, waulizeni mawifi zangu, lakini siku hiyo ulikauka. Wanasema mfinyanzi hulia gaeni; mimi hata gae lenyewe lilikuwa na jina la mtu mwingine.

Vile ishirini nikavifinyanga vyote mimi, vikaenda loji kwa jina lake. Vyungu vilivyofuata nikaanza kuchora kitakoni alama ndogo, suke la mpunga, kukumbuka kwetu. Sikumwambia mtu. Siku moja mama mkwe akageuza chungu kibichi, akaiona. Akachukua jiwe lake la kulainishia, lile la ziwani alilorithi kwa mama yake, akalilowesha, akaisugua alama yangu taratibu mpaka pakawa hapana kitu. Wala hakukasirika. Akasema, "Chungu hakina jina la mfinyanzi, mwanangu. Kina jina la anayekipikia."

Niliingia ndani nikalia. Mume wangu akaniambia mvumilivu hula mbivu. Nikamjibu kwamba mbivu nyingine huozea mtini. Hapo ndipo nilipoamua kuanza kazi yangu mwenyewe. Watu wanadhani mtu akijitoa kwenye kazi ya familia anakimbilia hela. Mimi nilitaka jambo moja tu, kitu nilichokitoa kichwani mwangu nikisema ni changu, asiwepo wa kukifuta.

Mungu si Athumani. Mwezi uliopita yule dada wa loji akatuma neno kwamba kando ya geti lake kuna kibanda kitupu, anatafuta mfinyanzi wa kukaa pale, afinyange wageni wakitazama, auze vya kwake. Nikamfuata mama mkwe uani, nikapiga magoti, nikamwambia naenda Matema kuanza kwangu.

Alinyoosha mikono yote miwili mbele yangu. Ilikuwa inatetemeka, ndugu zangu, kama ya mtu mwenye homa. Akasema, "Tangu mvua za mwaka juzi. Kufinyanga siwezi tena, kulainisha tu ndiko kumebaki."

Nikakumbuka kila kitu. Alivyokuwa akiniachia mimi kuinua chungu chote, tangu kitako hadi mdomo, nikaona anajifanya bosi. Alivyoacha kunywa chai mbele za watu. Muda wote huo nakaa naye mkeka mmoja, na nilichokiona ni majivuno tu. Kumbe maskini mama wa watu alikuwa anajificha nyuma ya mikono yangu.

Akalitia lile jiwe kiganjani mwangu. "Nenda, mwanangu. Ndaga, asante kwa kazi. Nakuomba moja tu, vile ishirini vya loji uniachie. Ndivyo vya mwisho watu wanavyojua nimevifanya mimi."

Nikaitikia ndiyo. Ningeitikia nini kingine?

Juzi nimekwenda kuomba kibanda. Yule dada akaniambia, "Wewe nakupenda, ila kibanda nampa aliyefinyanga samaki wangu. Kama mama mkwe wako amezeeka hawezi kuja, nitatafuta kwingine." Nikamwambia hata mimi samaki najua kumfinyanga. Akacheka. "Kuiga kila mtu anaiga. Mimi namtaka aliyemtoa kichwani." Amenipa hadi siku ya soko nimletee jibu la mama mkwe.

Hata kuandika hapa najua nimeshaanza kuivunja ahadi, ndiyo maana nimeomba kufichwa. Msiniambie nifuate moyo, moyo wangu uko pande zote mbili. Jiwe nimelifunga kwenye pindo la kanga, kila nikiinama linanigonga. Nikisema ukweli, nimemvua nguo mbele za watu mama aliyenipa kazi. Nikinyamaza, nitaitwa mwigaji wa samaki wangu mwenyewe mpaka nife. Ninyi mngekuwa mimi, mngemjibu nini yule dada?