Jagua Tatu za Taimur na Mkono wa Kaka Yangu

Kwenye barabara ya Pangani wapo mpaka leo wanaosema kwamba kaka yangu Kristofa alimwua bwana wake kwa ngumi. Wakisema nikiwapo siwaachi. Nawakalisha chini mimi Bertha, nawaeleza habari za Jagua tatu, na asiyetaka kusikia habari za magari na anyamaze pia na habari za Kristofa.

Sisi ni watoto wa manamba. Baba alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, na nyapara alikuwa akimchapa bakora mbele yetu kila tita lilipopungua majani. Siku moja Kristofa, ndevu ndiyo kwanza zinaota, alimkamata nyapara yule akamvunja taya. Nilisikia mfupa ukilia. Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Kaka akakimbilia Tanga mjini siku hiyo hiyo.

Huko akapata kazi kwa Taimur bin Yaarub, Mwarabu mwenye mashamba ya minazi na mkonge njia ya Pangani. Taimur hakumwuliza kama anajua kulima wala kupika. Alimwuliza, "Wewe ndiye uliyemvunja nyapara?" Kaka akaitikia. "Basi kesho njoo." Baadaye na mimi nikachukuliwa kufua nguo za mkewe, Bibi Hamdiya, kwa hiyo yale magari niliyaona yote matatu kwa macho yangu, na maji ya kuyaoshea nilichota mimi.

La kwanza lilikuja mwaka wa hamsini na moja, bei ya mkonge ilipopanda hata matajiri wakarukwa na akili. Waliliita mia na ishirini. Lilikuwa la chini, jembamba, zuri jamani, bampa zake kama vijiti. Breki sizizungumzii, maana Taimur hakuwa akizitumia. Hakupunguza mwendo kwa kiumbe chochote. Akigonga kuku au mbuzi, wenyewe walitoka na mapanga na marungu, na hapo ndipo ilipoanza kazi ya Kristofa. Aliruka juu ya mlango, akawapiga mpaka watawanyike, na Taimur akiwa ameketi anavuta sigara.

Mlango wa gari lile kwa nje ulikuwa mtupu. Hauna kishikio, hauna hata tundu la ufunguo. Ukitaka kuufungua unatumbukiza mkono ndani, unapapasa, unavuta kamba. Kristofa alitoka kwa kuruka, lakini kurudi, pumzi zimemwishia na damu za watu zinamchuruzika vidoleni, alitumbukiza mkono, akavuta kamba, akaketi. Miaka na miaka. Mkono ule ulikuwa hauhitaji kuambiwa.

Mwaka wa hamsini na tano likaja la pili, mia na arobaini. Kwa mbali ungedhani ni lile lile, ila bampa zilikuwa nene, za kupigia mtu, na injini walikuwa wameisogeza mbele kidogo, miguu ikapata nafasi. Mlango ulikuwa na kamba ile ile. Bampa zile zilimvunja ng'ombe karibu na Tongoni na zenyewe hazikupinda. Kijana mwenye ng'ombe, Mwinyijuma, alikuja na panga. Kristofa alimpokonya, akamwangusha, akamkalia kifuani akampiga mdomoni mpaka meno ya mbele yakabaki mchangani. Mama yake Mwinyijuma alikuwa amesimama pale pale anapiga mayowe. Taimur akapiga honi, yaani twende.

Jioni ile kaka alikuja uani ninakofulia, akanyoosha mikono nimwoshe.

"Dada," akasema, "siku hizi kila uso ninaoupiga nauona wa baba."

"Basi acha kazi."

"Niache niende wapi? Kila kijiji cha njia hii kinataka kuniua."

Nilikasirika, nikamwosha kwa nguvu hata akaguta. Nilimhurumia, na huruma yangu hutoka hivyo.

La tatu liliteremshwa bandarini mwaka wa hamsini na nane. Mia na hamsini. Huyu sasa alikuwa bwana mkubwa mwenye kitambi: mpana, kioo cha mbele kipande kimoja, milango minene yenye vioo vya kupandisha na kushusha. Breki zake zilikuwa za visahani, gari linasimama unapotaka, na mara hii pia Taimur hakuona haja ya kutaka. Na kwa nje, kwenye mlango, paliwekwa kishikio kinachong'aa chenye kitufe, unabonyeza kwa kidole. Lakini Taimur hakuruhusu mtu aguse rangi mpya. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia Kristofa, kwa ndani, na turubai la juu likiwa limekunjwa kaka aliruka kama zamani. Yale mawili ya kwanza hayakuuzwa. Yalipangwa bandani, na hili likawekwa ubavuni kwao.

Wiki chache tu zikapita, masika yakashika. Yaliyotokea nimeyasikia mahakamani, kwa kinywa cha mama yake Mwinyijuma na cha kaka mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha, turubai limefungwa, vioo vimepandishwa. Pale pale karibu na Tongoni gari likamgonga mbuzi wa mama yule, likamburura mpaka matumbo yakabaki njiani. Mama akatoka na mchi wa kinu. Akaipiga taa ya mbele ikapasuka, akapiga boneti, akapiga tena.

"Mshukie huyo!" Taimur akapiga kelele.

"Bwana, huyu ni mama mtu mzima. Simpigi."

"Nimekununua wa nini wewe? Mshukie, mwana wa manamba!"

"Simpigi, bwana."

Taimur akamzaba kofi, la pili likampasua mdomo. Akajinyoosha juu ya mapaja ya kaka, akaufungua mlango kwa ndani, akamsukuma kwa mguu hata Kristofa akaanguka kifudifudi kwenye matope. Mlango ukabamizwa. Gari likaondoka likitapakaza matope, likayumba kwenye kona ya utelezi, likavaa mnazi.

Kristofa alikimbia. Mtu aliyempiga teke muda ule ule, alimkimbilia. Alimkuta Taimur usukani umemgandamiza kifua, damu inamtoka mdomoni, bado hai, anamtazama kupitia kioo. Na kaka akaanza kukipiga kioo kile ngumi. Alikipiga mpaka vifundo vikachanika, mpaka kikavunjika, akatumbukiza mkono ndani na kupapasa.

Kamba haikuwapo.

Wanakijiji walikuwa wamefika. Waliona nini? Waliona Kristofa, ambaye wanamjua kwa jambo moja tu, amemvamia bwana wake ndani ya gari, damu mpaka kiwikoni. Wakamshukia kwa magongo. Walimpiga mgongoni na kichwani, na yeye hakugeuka hata mara moja, alikuwa anapapasa tu. Mwinyijuma akamvuta kwa shingo, akamtupa kando. Halafu Mwinyijuma huyo, ambaye maishani mwake hakuwahi kugusa gari isipokuwa kwa panga, aliona kitu kinang'aa, akakibonyeza kwa kidole gumba. Mlango ukafunguka. Taimur akadondoka, damu imemjaa kooni, akafa matopeni.

Kwa hiyo unaona kesi ilivyokuwa rahisi. Walikuwa wamegombana, alipigwa makofi, alitupwa nje. Tena mlango haukufungwa kwa ufunguo. Mwendesha mashtaka akamwuliza, "Miaka yote hiyo umepanda magari ya marehemu. Kama ulitaka kumtoa, kwa nini usifungue mlango?"

Kristofa akasema, "Nilikuwa nafungua."

Watu wakacheka. Wakacheka! Adhabu ilikuwa kitanzi, na wao wanacheka. Nikasimama nikapiga kelele kwamba hawajui magari, waende wakayaone. Askari alinishika mkono nikamng'ata. Lakini hakimu aliniandama kwa macho, akauliza hayo magari yako wapi, na siku ya pili tukapelekwa sote nyumbani kwa Taimur, bandani.

Bibi Hamdiya alikuwa katika eda ya mumewe, hatoki nje ya ua. Alisimama mlangoni mwa banda amejifunika, akimtazama Kristofa kwa chuki ambayo sijapata kuiona kwa binadamu. Jagua tatu zilikuwa zimepangwa mstari, ile ya mwisho pua imekunjamana, kioo cha mlango kimebaki meno meno pembezoni. Mabwana wa mahakama wakaanza kubishana, huyu anaonyesha kishikio, huyu anapima urefu wa mlango. Kristofa alikuwa amesimama na pingu zake, kichwa chini.

Ghafla Bibi Hamdiya akaita, kwa sauti ile ile ya kila siku aliyotumia miaka yote kumtuma. "Kristofa! Nipe kofia ya bwana, imo garini, kitini."

"Labeka, bibi."

Akaenda kwenye gari lile la mwisho. Kishikio kilikuwa kinamgusa nyonga, kinang'aa, jana nzima kimetajwa mahakamani mbele yake. Na mkono wake wa kulia ukaingia kwenye tundu la kioo, pingu zikauvuta na wa kushoto nao ukaingia, vigae vikamkata upya, na mikono yote miwili ikawa inapapasa upande wa ndani wa mlango, inatafuta kamba. Damu ikashuka kwenye rangi.

Bibi Hamdiya akasogea, akabonyeza kitufe. Mlango ukamsukuma Kristofa kifuani. Bibi akaichukua kofia, imeganda damu, akaketi nayo chini sakafuni.

"Mwacheni," akamwambia hakimu. "Huyu hakumwua. Alikuwa anafungua mlango."

Wakamwacha. Mishipa ya mkono wake ilikuwa imekatika, vidole havikunjiki, na ngumi haijamtoka tena tangu siku ile. Anauza madafu sokoni, mimi ndiye ninayemkatia. Watu wa Tongoni wakipita humtemea mate, na yeye huuweka ule mkono ulionyooka mapajani, akawaamkia.